Wenye nyumba Arusha na Moshi, malizeni maongezi kabla bati halijashuka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenye nyumba wa hapa Arusha na wenzetu wa Moshi, maana masika ikishakata tu, kuanzia mwezi wa sita hivi, simu zinaanza, fundi paa linavuja, fundi njoo uangalie, fundi nataka nibadilishe bati zote, na mpaka vuli inakaribia mwezi wa kumi na moja kila mtaa unakuta kuna nyumba imeezuliwa, Sakina, Mbauda, Kwa Mrombo, Njiro, na kule Moshi Pasua na Majengo vilevile. Mimi ni fundi wa kupaua, kazi hii ndo inasomesha wanangu, na ninachokiona kila msimu ni kwamba watu wanaijua bei ya bati vizuri sana ila hawajui nini kitatokea nyumbani kwao siku bati zinashuka.

Kupaua nyumba mpya na kubadili paa la nyumba ambayo watu wanaishi ni kazi mbili tofauti kabisa. Nyumba mpya fundi akikusumbua unamsimamisha, unatafuta mwingine, nyumba inakusubiri hata miezi mitatu. Lakini paa likishaezuliwa vitanda viko ndani, tivii iko ndani, wingu limekaa juu ya Meru, hapo huna ubishi tena, utakachoambiwa ongeza utaongeza. Kwa hiyo yote ya kuongea yaongewe na yaandikwe bati za zamani zikiwa bado ziko juu. Hicho ndicho kilichonifanya niandike, mengine yote yanafuata hapo.

Kubwa kuliko yote ni mbao. Fundi akisimama uani kwako anaona bati, kutu na matobo, akipanda darini na tochi anaona zaidi kidogo, lakini hali halisi ya papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, na kenchi, yale maumbo ya mbao yanayobeba paa, anaiona bati zikishatoka. Nyumba nyingi za zamani zilipauliwa kwa mbao ambazo hazikutiwa dawa, na pale ambapo maji yalikuwa yanapenya taratibu miaka na miaka, hasa kwenye vali, lile bonde pande mbili za paa zinapokutana, na kule pembeni mbao ya wolpleti ilipolala juu ya ukuta, unakuta mbao imeoza au mchwa ameshamaliza kazi yake, kwa nje inaonekana nzima ila ukigonga na nyundo inaingia ndani. Hapo ndo ugomvi unapoanzia, mwenye nyumba anasema tulikubaliana bati, hizi mbao zimetoka wapi, fundi anasema siwezi kupigilia bati mpya kwenye mbao iliyooza, na wote wawili wana haki yao ila hakuna karatasi ya kuwaamua.

Fundi mkweli atakwambia mapema, mama, bati hesabu yake ni hii, ila kwenye mbao sikudanganyi, tukifungua ndo tutajua. Wewe usiishie hapo, mwambie aandike bei ya kila kitu kama kitahitajika, papi moja mpya pamoja na ufundi wake shilingi ngapi, kenchi moja ikibadilishwa shilingi ngapi, wolpleti kwa mita shilingi ngapi, fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, shilingi ngapi, alafu tenga hela pembeni kwa ajili hiyo tu. Zikitoka mbao nzima hela yako ipo, zikitoka mbovu bei mnaijua tayari, mtu hawezi kukutajia bei ya ajabu saa tisa alasiri nyumba ikiwa wazi. Na fundi anayekuhakikishia kwamba hakitaongezeka hata kitu kimoja wakati darini hajapanda, huyo hajaangalia kazi yako. Mkubaliane pia kwamba mbao ikionekana mbovu akuite uione kwa macho yako au akupige picha kabla hajaitoa, siku hizi kila mtu ana simu.

Mbao mpya iwe imekauka na imetiwa dawa. Wengine wanakimbilia mbao mbichi kwa sababu ya bei, mbao mbichi ikikaukia juu inapinda, msumari unalegea, bati linanyanyuka, na mvua za mwaka unaofuata unavujiwa na bati mpya kabisa halafu lawama anapewa mwenye kiwanda cha bati.

Kuna wanaoniambia fundi usiezue, pandishia tu bati mpya juu ya zile za zamani tuokoe gharama. Naelewa hela ni ngumu, lakini ukifanya hivyo umefunika ugonjwa, ile mbao iliyooza iko palepale, unyevu unabaki katikati ya bati mbili na kutu inakula bati mpya kwa chini usikokuona, na uzito wote umeuongeza kwenye kenchi ambazo hujui hali yake. Kama hela haitoshi nyumba nzima ni bora ufanye upande mmoja vizuri mwaka huu. Na wakati paa liko wazi muulize fundi kenchi zimefungwaje na ukuta, nyumba nyingi za zamani zimelalia tu kwa uzito wake, ukiweka bamba la chuma au waya mzito kuzishika hapo hapo ni hela ndogo, na upepo ukija hauchukui paa zima.

Kuhusu bati zenyewe sitaongea sana maana hapa watu wengi wana uelewa, ila geji, yaani namba ya unene wa bati, bado inawachanganya. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 28 ni nene, 30 inafuata, 32 ni nyembamba zaidi. Usiridhike na neno la muuza duka, geuza bati uangalie maandishi ya nyuma, bati nyingi za kiwandani zimeandikwa, hakikisha pia ina alama ya TBS, Shirika la Viwango, na kama mzigo ni mkubwa nenda na fundi mwenye kipimo cha unene apime mbele yenu. Nunua wewe mwenyewe, lipia wewe, chukua risiti ya EFD yenye jina la ulichonunua. Na kofia, zile za kufunika mgongo wa paa, misumari ya mpira au skrubu, vinunuliwe pamoja na bati, watu wanabana huku, bati nzuri inapigiliwa na msumari ambao mpira wake unapasuka jua la mwaka mmoja.

Sasa siku ya kazi. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu kama ni kubadili bati tu na mbao ni nzima, tegemea siku tatu mpaka wiki, mbao zikiwa mbovu inaweza kufika wiki mbili au zaidi. Fundi mzuri hafungui nyumba yote asubuhi. Kama ni mgongo wa tembo, paa la pande mbili, anafungua upande mmoja, anarekebisha mbao, anafunga, ndo anaenda upande wa pili, na turubai liwe limeshafika nyumbani kabla bati la kwanza halijang'olewa, sio mnaanza kulitafuta mitaani matone yameshaanza. Huku kwetu chini ya mlima hata mwezi wa saba inaweza kudondosha manyunyu, usiseme ni kiangazi. Uliza swali hili moja kwa moja, fundi, jioni ukiondoka nyumba yangu itakuwa imefunikwa na nini? Jibu liingie kwenye makubaliano.

Vumbi litashuka ambalo hujawahi kuliona. Juu ya dari kuna vumbi la miaka yote tangu nyumba ijengwe, mavi ya panya, mavi ya popo, viota vya ndege, na bati zikianza kugongwa vyote vinashuka kupitia kila nafasi. Hamisha magodoro na nguo, funika makabati, vyombo vya jikoni vitolewe kabisa. Mtoto mchanga, mzee, au mtu mwenye pumu asilale humo siku hizo, apelekwe kwa ndugu. Dari nayo tegemea itaumia, silingi bodi za zamani zikishalowa na kukauka mara nyingi hazivumilii mguu wala nyundo, na jipsamu inapata nyufa kwa mtikisiko tu, kwa hiyo mwongee mapema fundi akivunja dari kwa kuikanyaga nani analipa, na ile iliyokuwa imeshaoza yenyewe nani analipa, pigeni picha kila chumba kabla ya kuanza.

Misumari ya zamani ndo inayonitesa roho kuliko kelele na vumbi. Inaruka kila upande, inaingia kwenye majani, kwenye mchanga, njiani kwa jirani. Watoto wetu wanacheza peku, kuku wanadonoa, bodaboda wanapita. Andika kwenye makubaliano kwamba kila jioni mafundi wanaokota misumari, wapitishe sumaku chini kama wanayo, na watoto na mifugo wasiruhusiwe uani mpaka kazi iishe. Na jirani muage. Mwambie balozi, waambie majirani wa kulia na kushoto kwamba kuanzia Jumatatu tutagonga, kwenye mitaa iliyobanana kama Unga Limited au Kaloleni bati lako likianguka linaangukia kwa mwenzio.

Hapa naomba niongee na wenye nyumba za kupangisha kwa uzito kabisa. Nimeshafika kufanya kazi nikakuta wapangaji wanne au watano wanashangaa, hawajaambiwa kitu, mama amejifungua juzi tu yuko ndani na kichanga, mwenye nyumba yuko mbali anasema kwenye simu wewe anza tu. Mimi kazi ya namna hiyo siianzi. Hao wamelipa kodi, vitu vyao vyote viko humo. Wape taarifa ya maandishi mapema, waambie siku ya kila chumba, watafutie sehemu ya kuweka vitu, na kama kuna siku hawataweza kulala humo wapunguzie kodi ya siku hizo au walipie pa kulala. Paa jipya linakuongezea thamani wewe mwenye nyumba, mpangaji asibebeshwe gharama ya kulowa.

Umeme usifanyiwe mzaha hata kidogo. Waya unaotoka kwenye nguzo mara nyingi umeshikwa karibu kabisa na paa, na fundi amesimama juu na bati refu mikononi, bati likigusa waya wenye moto na plastiki yake imeshachoka kwa jua, mtu amekufa. Nenda TANESCO kabla ya siku ya kazi, waeleze, waje wazime au wauhamishe, usikubali kijana wa mtaani aukate. Nyaya za darini nazo zizimwe kwenye meni switi fundi akiwa anapigilia, msumari unaweza kutoboa waya usijue mpaka siku ukuta unakupiga shoti. Mwenye sola, hita ya maji ya jua au dishi juu ya paa, atafute mtu wa kuvishusha na kuvirudisha, na matundu yale yazibwe na mtu anayejua, kuna paa nyingi tu zinavuja kwenye mguu wa dishi. Na mafundi wako juu wawe na kamba na viatu vya kushika, mirunda iwe imefungwa vizuri. Muulize fundi mkuu kijana wake akianguka nani anampeleka hospitali. Swali hilo linaudhi baadhi ya wenzangu, lakini sisi ndio tunaoanguka.

Bati zikishuka ni za nani? Semeni mapema. Mwenye nyumba amezipangia banda la ng'ombe, fundi amezipigia hesabu ya wanunuzi wa chakavu, na yote mawili ni halali kama mmekubaliana.

Bati zikishapanda kuna mambo yatakushtua ambayo sio ubovu. Jua likipanda mchana na likizama jioni bati zinalia, pa, pa, pa, hiyo ni chuma inatanuka na kusinyaa, kawaida. La pili, na hili simu zake ni nyingi mno mwezi wa saba kutoka Ngaramtoni na sehemu za juu juu zenye baridi, asubuhi mtu anaamka anakuta maji yanadondoka na usiku hakukunyesha, anasema fundi umeniibia. Lile ni jasho la bati. Usiku bati linapoa sana, hewa ya ndani ina joto na mvuke wa kupika na wa pumzi zenu, ukifika kwenye bati unageuka maji. Dawa yake ni hewa ipite darini, acha matundu kwenye pembe za paa na chini ya mapaa yanayotokeza, na jikoni moshi na mvuke vitoke nje, visipande darini. Ukitaka kujua ni jasho au ni kuvuja, angalia maji yanatokea wapi, jasho linasambaa eneo kubwa asubuhi ya baridi, kuvuja kunatokea sehemu ileile kila mvua ikinyesha.

Kisichokuwa kawaida ni kutu ya vidoti vidoti kwenye bati la miezi miwili. Hiyo inatoka kwenye grenda. Fundi akikata bati na grenda juu ya paa, cheche za chuma zinaangukia kwenye bati zingine zinaganda na kuota kutu, na pale alipokata moto umeunguza rangi na zinki. Bati likatwe kwa mkasi wa bati, chini, na juu pafagiliwe kabla hajashuka. Angalia pia misumari, kwenye bati za mawimbi ipigwe kwenye mgongo, sio kwenye bonde maji yanapopita, na bati zipandane vya kutosha, anayebania kupandanisha ili bati zienee nyumba nzima amekuachia mvua ya upepo.

Na kuna jambo letu la huku kabisa. Maji ya visima vingi kuzunguka Meru yana floraidi nyingi, meno ya watoto wetu yanatuonyesha, na floraidi ikizidi kwa miaka inafika mpaka kwenye mifupa, kwa hiyo kuna familia nyingi tu maji yao ya kunywa ni ya mvua, kutoka kwenye bati kwenda kwenye gata kwenda kwenye simtanki. Kwa familia kama hiyo paa ndo chanzo cha maji. Kabla kazi haijaanza tanki lijazwe na lifunikwe, bomba la gata litolewe ili vumbi la darini na vipande vya kutu visiingie. Kazi ikiisha gata zisafishwe, na mvua za kwanza mbili tatu maji yaachwe yamwagike, ndo bomba lirudishwe. Ukibadili bati badili na gata zilizooza siku hiyohiyo, na muulize fundi mteremko wa gata umeelekea wapi kabla hajashuka kwenye ngazi.

Malipo. Mimi ni fundi na nasema hivi, usilipe ufundi wote mwanzoni. Toa sehemu ya kuanzia, toa nyingine paa likifungwa, na ibaki sehemu ambayo italipwa baada ya mvua kubwa ya kwanza au baada ya kumwagia maji kwa mpira nusu saa kila upande, vali na kofia zote. Iandikwe na tarehe ya mwisho, maana fundi nae hawezi kusubiri hela yake miezi sita mbingu zikiwa kavu. Na mwenye nyumba kazi ikishakaguliwa na ikawa safi, lipa, usianze kumzungusha mtu. Makubaliano yawe na majina, saini, shahidi mmoja kila upande, na kibali cha ukarabati kutoka halmashauri kama umebadili umbo la paa au umepandisha ukuta, ulizia ofisi ya mtaa kabla.

La mwisho, Mhariri, na hili ndo linanikosesha usingizi. Bado kuna nyumba na majengo ya zamani hapa mjini na Moshi yenye bati za asbesto, zile nene za kijivu kama saruji. Vumbi lake lina nyuzi ndogo ambazo macho hayazioni, zikiingia kwenye mapafu hazitoki, na saratani yake inaweza kuja baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Likiwa zima juu linakuwa halina shida kubwa, hatari ni kulivunja, kulikata, kulitupa kwa kishindo. Na hivyo ndivyo vijana wanavyofanya, wanalipiga nyundo kavu kavu, vipande vinafukiwa kwenye mashimo ya barabara au mtu anajengea banda la kuku. Mwenye nyumba ukiwa na paa hilo usiite fundi wa kawaida, hata mimi usiniite, anza na ofisi ya NEMC, wale wa baraza la mazingira, wakuelekeze nani aliondoe na litaenda kuzikwa wapi. Halmashauri ya Jiji la Arusha na Manispaa ya Moshi nawaomba kupitia gazeti hili, mtutangazie wazi mtu wa kawaida mwenye bati hizo kumi na tano azipeleke wapi, kwa utaratibu gani na kwa gharama gani, na tangazo hilo libandikwe kwenye kila ofisi ya mtaa na kila hadiwea kabla msimu wa kuezua haujaanza.

Fundi paa,
Kwa Mrombo, Arusha